Mama Aliketi Chini Kabla ya Hukumu

Mama aliketi chini kabla hakimu hajasoma hukumu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mtaa mzima unalisimulia kinyume: eti hakimu alitamka kifo, mama akaanguka, wanawake wakamdaka. Hakuanguka. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando yangu. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya mkoba wake, kisha akateremka polepole akaketi kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele. Kwetu hakuna asiyejua maana ya mwanamke kukaa hivyo. Hukaa hivyo aliyefiwa. Na mwanawe alikuwa amesimama mbele yetu, mzima, amevaa suruali ya mtu mwingine.

Kesi ya mdogo wangu haikusikilizwa ndani ya mahakama. Ilisikilizwa uwanjani, watu waje waone na wajifunze. Walikodi mahema yaleyale ya harusi na vilio, viti vilevile vya bluu, na spika za bwana mmoja tunayemfahamu, maana ndiye aliyetuletea viti baba alipokufa. Alinisalimia kwa kichwa huku akifunga waya. Mahakimu walikuwa wanajeshi. Mdogo wangu hajawahi kuwa askari, lakini vitu walivyokutwa navyo yeye na wenzake vilikuwa vya vita, na anayeshika vitu vya vita huhukumiwa na watu wa vita. Vitu hivyo vilipangwa juu ya meza mbele yao, na kila kimoja kiliinuliwa kionekane. Nilitazama bila kuvielewa.

Niseme walishtakiwa nini, kwa sababu hapo pia mtaa umeongeza chumvi. Sisi tunakaa Kenya, si nchi ya Kenya, bali Kenya ya jiji la Lubumbashi, komuni, yaani kata, ya masoko na karakana na makanisa yanayoshindana kwa kelele. Mdogo wangu alikwenda kuchimba Kambove, akafukuzwa huko pamoja na wenzake machimbo yalipopata mwenyewe mpya, wakarudi nyumbani na hasira na mikono mitupu. Mtu mzima mmoja akawakusanya nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Akawaambia kwamba wakubwa hawamsikii mtu mpaka damu imwagike. Wakapanga kulishambulia soko la Kenya siku litakapokuwa limejaa. Wakakubaliana, wakagawana kazi. Mmoja wao akamdokeza mchumba wake, mchumba akamwambia mjomba wake, mjomba ni polisi. Walikamatwa wameketi wanakula. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Soko lilifunguliwa wiki ile kama kawaida, watu wakabishana bei kama kawaida.

Katika soko hilo mama ana meza ya samaki wakavu tangu mimi sijazaliwa. Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita (Ijumaa kwetu ni siku ya tano), hauzi, kwa kuwa kanisa lake linaishika sabato. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Jumamosi sina darasa, kwa hiyo siku hiyo meza hukaa nami. Ndivyo tunavyoishi miaka yote. Mdogo wangu alikula, akavaa na kusoma kwa meza ile.

Tangu siku alipokamatwa, mama hakuuliza kama ni kweli. Mtu mwingine angeuliza hilo kwanza. Yeye alikuwa na swali moja tu, na alimuuliza kila aliyeingia nyumbani, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

“Alijua miye niko mule?”

Watu walimjibu walivyoweza. Hakujua, mama. Walimdanganya, mama. Vijana wa siku hizi, mama. Mimi nilimwambia sijui, akaniangalia kana kwamba nimemnyima maji.

Wakili alikuja nyumbani siku chache kabla ya kesi. Alikuwa amewekwa na serikali, kijana mwenye macho ya usingizi na viatu vilivyopigwa rangi juu ya vumbi. Mama alimpa kiti kizuri. Wakili alieleza taratibu, kwa adabu, na hilo nilimshukuru.

“Mama, bo habakuua muntu. Ile tutaisema sana. Lakini mu sheria yetu, kama bantu banaungana na kupanga kuua bantu, kule kupanga peke yake iko kosa. Na azabu yake iko kifo.”

“Hata kama hakuna muntu alikufwa?”

“Hata vile, mama.”

Mama alifikiri. “Na banaua kweli?”

“Zamani ilikuwa mu kinywa tu. Balikuwa banamukatia muntu kifo, anafungwa mu pirizo mupaka anazeeka mule. Sasa bakubwa banasema itaanza tena.” Alitazama viatu vyake. “Miye sijue, mama. Sitakudanganya.”

Nilipaswa kumkasirikia yeye, au sheria, au mdogo wangu. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilikumbuka tu kwamba kesho yake nilikuwa na darasa la hesabu za sehemu na sikuwa nimeandaa kitu. Wakili alipoondoka nilikaa nikaiwaza ile sheria, isiyongoja damu, nikaona sina ubishi nayo. Mtu anayekaa sokoni angetaka sheria ya namna hiyo. Mtu mwenye ndugu kizimbani asingeitaka. Mimi nilikuwa wote wawili.

Siku ya kesi wanawake wa soko walikuja wengi, wakapewa upande wao wa kukaa kama watu waliokusudiwa kuuawa. Mama mwenyekiti wa soko, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alinijia nikiwa bado nimesimama.

“Mwalimu, kuya uikale kwetu. Weye pia uko muuzishaji. Balitaka kukuua weye pia.”

Alisema kweli na hakuwa na ubaya. Niliangalia upande wao, nikaangalia upande wa jamaa za washtakiwa, ambako mama alikuwa ameketi peke yake na kiti kitupu pembeni. Nikaenda kwenye kiti kitupu. Wengine walisema nimechagua damu. Nilichagua kiti tu, miguu iliniuma.

Wenzake walihojiwa mmoja mmoja. Wengine walikana, wengine walilia, yule mtu mzima aliyewakusanya alitoa hotuba mpaka akanyamazishwa. Mdogo wangu alipofikiwa hakukana wala hakulia. Alisema ndiyo, alikuwepo. Ndiyo, alikubali. Hakimu mkubwa alivua miwani yake. Alikuwa mzee, na nadhani alichoka kusikia majibu mafupi, maana aliuliza jambo ambalo halikuwa kwenye mashtaka.

“Kwenu nani anauzisha mu soko?”

“Mama.”

“Wakati mulikuwa munapanga, ulijua mama yako anauzisha mule?”

Spika zilipaza kila neno.

“Nilijua.”

“Uliambia benzako?”

“Hapana.”

“Juu ya nini?”

Hakujibu. Hakimu alisubiri, kisha akavaa miwani akaandika. Hapo ndipo mama alipofungua kitambaa.

Nilimwinamia nikamwambia, “Mama, inuka, haijaisha.” Akasema, “Kwangu imeisha.” Mahakimu walitoka, wakakaa huko muda mrefu, jua likahama kutoka kwenye magoti yetu hadi mabegani, na yeye akabaki vilevile chini. Waliporudi walisoma majina. Wengine walipewa miaka mingi ya kifungo. Yule mtu mzima, mdogo wangu na wengine waliotajwa pamoja nao walipewa kifo. Upande wa soko ulipiga makofi. Kisha mmoja wao akamwona mama pale chini, akamgusa mwenzake, na makofi yakafa. Mimi nilikuwa natazama waya wa spika uliokuwa umechubuka, nikiwaza kwamba mtu atapigwa na umeme.

Nyumbani mama hakurudi kwenye kiti. Alitoa godoro chumbani akaliweka chini sebuleni, akasema viti vitolewe nje. Nikavitoa. Redio ilikuwa imeshasema hukumu, simu za watu zikaisema upya kwa namna zake, na kabla ya jioni mtaa ulikuwa umepokea habari kwamba mdogo wangu amekwisha kupigwa risasi. Wakaanza kuja. Nilisimama mlangoni nikimwambia kila mtu, “Hajakufwa, iko mu pirizo,” nao wananijibu pole, pole sana mwalimu, wanavua viatu wanaingia. Mwishowe nilichoka, nikaacha kuwasahihisha. Nikaanza kupokea makala, makaa ya kupikia, na unga.

Basi tukafanya kilio kamili cha mtu aliye hai. Wanaume waliwasha moto uani, wakakaa wakicheza karata na kulaumu serikali. Wanawake walikaa na mama chini. Mchungaji alikuja, naye alikuwa na shida ya kikazi: hakujua aombe roho ipokelewe au mtu afunguliwe. Akaomba mvua na amani ya nchi, akanywa chai, akaenda. Ningekuwa na hali nyingine ningecheka.

Na wanawake wa soko walikuja. Walewale wa makofi. Walikuja pamoja, mama mwenyekiti mbele, wamebeba gunia la makala kwa zamu, wakaliweka karibu na moto, wakaingia wakaketi. Hawakusema kitu juu ya mahakama. Mama mwenyekiti alimshika mama mkono akakaa nao hivyo mpaka giza likaingia. Sijui alikuwa anamlilia nani. Watu wa soko huchangia kilio cha mwenzao, hiyo ni sheria ambayo haikuandikwa popote, na nadhani walikuwa wanaifuata tu, kama vile mimi nilivyokuwa nafuata kuchemsha maji.

Kilio kilipokwisha mama alioga, akavaa nyeusi, akagawa nguo za mdogo wangu jinsi nguo za marehemu zinavyogawiwa. Viatu alipewa binamu. Shati la rangi ya samawati alilolipenda alipewa jirani, fundi wa pikipiki, aliyelivaa kesho yake. Nilikutana nalo barabarani likitembea bila yeye, nikalisalimia.

Ilibaki habari ya chakula. Katika gereza letu mfungwa asiye na mtu wa kumletea chakula huishi kwa taabu, na wengine hawaishi. Kabla ya kesi mama alikuwa anapika bukari, ugali wetu, na mboga, mimi nikipeleka. Baada ya kilio nilimwona hawashi moto siku ya kupeleka. Nikamuuliza.

“Muntu wa kufwa hakule bukari,” alisema.

Hakusema kwa uchungu. Aliendelea kuchambua samaki. Nikaelewa kwamba mahakama ilikuwa imetoa hukumu yake na mama ametoa yake, na kwamba ya mama haina rufaa, na ndiyo itakayotangulia kumuua. Mshahara wa mwalimu huja unapotaka wenyewe. Mimi peke yangu nisingeweza kumlisha miezi na miaka. Nilipika siku ile, bukari ikawa na madonge, nikabeba.

Askari wa mlangoni alichoma chakula kwa kijiti kutafuta kitu kilichofichwa, kama kawaida yake, akanirudishia. Mdogo wangu alikuja amekonda. Alionja, akatambua mkono.

“Mama iko mugonjwa?”

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini sikuona sababu ya kubeba uongo juu ya chakula.

“Tulikulilia kilio,” nikamwambia. “Mama aliikala chini.”

Alinitazama, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeelezwa kwamba picha yake imetoka mbaya. Kisha akauliza nani walikuja. Alitaka kujua wote. Nikamtajia jamaa, majirani, mchungaji na mvua yake. Alifurahi, niseme ukweli, alifurahi kusikia kwamba watu walijaa.

“Na bamama ba mu soko?”

“Balikuya. Balileta makala.”

Aliweka tonge chini. Watu wengine walikuwa wanaongea kwa sauti kubwa pande zote, watoto wanalia, mtu anagombana na mkewe kuhusu sabuni.

“Yaya,” akasema, ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, “ambia mama kintu kimoya. Benzangu balikuwa banataka ikuwe siku ya tano. Miye njo nilikatala. Nikasema ikuwe posho, soko inajaa sana. Lakini haikukuwa juu ya ile. Ni juu siku ya posho mama anaikalaka mu kanisa. Sikuweza kusema mbele ya hakimu, benzangu balikuwa pale, bangeniua mu selile, tunalala chumba kimoya. Ambia mama. Nilijua mama iko mule, njo maana nilichagua siku haiko mule.”

Nikangoja aendelee. Nilidhani sentensi inaendelea. Lakini alikuwa amemaliza, alichukua tonge lake akalichovya kwenye mboga, na uso wake ulikuwa umepumzika kama wa mtu aliyetua mzigo.

“Siku ya posho,” nikasema, “nani anaikalaka ku meza?”

Alitafuna. Kisha akaacha kutafuna. Nilimwona anavyoliona. Nina miaka mingi mbele ya ubao, najua uso wa mtoto anayeficha jibu na uso wa mtoto ambaye swali halikuwahi kumfikia. Wake ulikuwa huo wa pili. Hakunichagua nife. Hakunikumbuka tu. Nilijaribu kupima lipi lilikuwa zito zaidi, nikaona siwezi.

“Yaya,” alisema. Akarudia, “Yaya.” Kengele ya wageni kuondoka ilipolia alinishika ukosi wa nguo, kwa vidole vyenye mafuta. “Utaambia mama?”

Nikajua anaomba nini. Nikimpelekea mama maneno yale, huenda akarudi kuwa mtoto wake na chakula kikaja. Nikiyameza, hakuna mwingine wa kuyasema. Nilikusanya vyombo, nikatoka.

Nilitembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Ningependa kuandika kwamba nilipigana na moyo wangu, lakini haukunipigania kitu. Nilipofika mama alikuwa uani akianika samaki kwenye karai. Niliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa nikamwambia alivyosema, neno kwa neno, siku ya tano, siku ya posho, kanisa, wenzake, selile. Nikaishia pale alipoishia yeye. Sikuongeza swali langu. Nilitaka kuona kama atalifikia mwenyewe.

“Alisema vile?”

“Alisema vile.”

“Sema tena.”

Nikasema tena. Alisikiliza huku midomo yake ikinifuata. Nilipofika “njo maana nilichagua siku haiko mule,” aliinuka, akapangusa mikono, akaingia ndani akatoka amefunga kitambaa cha kichwa, kile cha rangi, si cheusi. Akaenda moja kwa moja kwa jirani. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta akidai shati. Fundi alikuwa amelivaa, alikuwa chini ya pikipiki, akajitetea kwamba alipewa, mama akamwambia muntu hakufwa, vua. Akalivua. Mama alirudi nalo lina doa la oili, akaliloweka, akaweka maji ya bukari jikoni. Alipika sana. Alikuwa anaimba kwa chini, wimbo wa kanisani. Nilikuwa bado nimeketi kwenye ndoo.

Siku ya kupeleka alikwenda mwenyewe, hakutaka nimsindikize. Alirudi amechangamka, amekuwa mdogo kwa miaka. Akanieleza kwamba mdogo wangu amekula vizuri, amekonda lakini meno yake mazima, wakili amesema rufaa imeandikwa. Nilimuuliza kama alisema kitu kingine.

“Anakusalimia,” akasema.

Wiki ile yote nilingoja. Nilifundisha, nikasahihisha, nikala chakula cha jioni kando yake, nikimpa nafasi. Nilimwona akifikiri, na kila mara alipofungua kinywa ilikuwa sabuni atakayompelekea, au blanketi, au kwamba baridi ya Juni inakuja na kule saruji ni tupu. Hakimu alikuwa amemuuliza mdogo wangu swali lisilo kwenye mashtaka, na mama alikuwa amelishika jibu lake mpaka akamzika mtoto wake. Nilidhani mtu wa namna hiyo ataniuliza na mimi moja.

Ikafika siku ya posho. Alivaa nguo yake nyeupe ya kanisa, akapaka mafuta, akachukua Biblia. Mifuko ya samaki ilikuwa tayari karibu na mlango. Akasimama kizingitini, akageuka akanitazama.

“Wahi kufungua meza,” akasema. “Leo soko itajaa.”

Akaenda. Na hapo ndipo iliponiuma, kwa mara ya kwanza tangu walipomkamata, iliniuma kifuani mpaka nikashika fremu ya mlango. Kisha nikajitwika mifuko, nikaenda kufungua meza.